Mwaka Niliomchora Mama Mutua

Tulimzika Mama Mutua wiki iliyopita kule Tulia. Wasifu wake ulisomwa na mjukuu mwenye sauti nzuri: alizaliwa, akaokoka, akaolewa, akazaa, akawa kiongozi wa akina mama kanisani, akaugua, akalala. Mimi nilikuwa nimekaa kwenye kiti cha plastiki ndani ya hema, nikingoja kusikia habari za mwaka nilioishi nyumbani kwake, na mwaka huo haukutajwa. Sikukasirika. Nani angeukumbuka? Mumewe, Mwalimu Kyalo, alitangulia zamani, na watoto wao wakati ule walikuwa wameshatawanyika Nairobi na Mombasa wakitafuta maisha. Mimi nilikuwa tu msichana wa kutoka Makindu aliyekuja kufundishwa kuchora. Lakini tulipokuwa tukirudi, binti yangu akaniuliza, "Mum, huyu mama alikuwa nani kwako hasa?" Nikakosa jibu fupi. Jibu refu ndilo hili.

Ya nyumbani kwetu nitayaruka. Kila mzee akishika kalamu huanza na babu yake, na mpaka ajifikie mwenyewe msomaji ameshalala. Inatosha kujua kwamba nilikuwa nimemaliza kidato cha nne, nilichora kwenye kila karatasi iliyonijia mkononi, na cherehani ya shangazi yangu ilikuwa ikiningoja. Mwalimu Kyalo alikuwa amestaafu kufundisha sanaa katika shule moja ya upili, na mtu wa kanisa letu aliyemfahamu akamwomba anichukue kwa mwaka mmoja. Nilifika kwake Januari, jua la kukausha mate, nikiwa na sanduku la bati na jogoo aliyefungwa miguu, zawadi ya mwenye nyumba. Mama Mutua alimpokea jogoo kwanza. Akampapasa kifua, akasema, "Huyu amekula vizuri kukushinda," kisha akanionyesha chumba changu kando ya jikoni. Ukuta wa chumba hicho haukufika kwenye mabati, kwa hiyo harufu ya kitunguu na maneno ya watu yaliniingilia bila hodi. Nilikipenda chumba hicho kuliko chumba chochote nilichowahi kulala, na nimelala katika vingi.

Sebule ndiyo iliyokuwa darasa, na humo mlikuwa na vita. Mama Mutua alikuwa amefunika kila kiti kwa kitambaa cheupe alichokifuma kwa mkono wake, kimepigwa wanga mpaka kikasimama chenyewe. Mwalimu naye alitaka kuchorea humo humo, na tapentaini yake, na makopo ya rangi ya nyumba aliyopewa na mafundi wa soko la Kwa Vonza walipomaliza kupaka maduka. Hatukuwa na turubai za wachoraji. Tulinunua kitambaa cha marekani, ile pamba nzito isiyopaushwa, tukakivuta juu ya fremu ya mbao, tukakipaka gundi ya seremala na rangi nyeupe ya ukuta, tukakianika kama ngozi ya mbuzi. "Hiyo bluu ikianguka kwa kitambaa changu," Mama Mutua alikuwa akisema anapopita na birika, "mtaenda kuchorea kwa chifu." Mwalimu alikunja kitambaa cha kiti chake, akakikalia, na mkewe akajifanya hajaona. Wale watu walipendana kwa namna hiyo, kwa kutoonana makosa, na mimi nikiwa na umri wa kudhani mapenzi ni barua, sikuyatambua.

Ukutani kulikuwa na kalenda kuukuu ya kampuni fulani ya madawa, miezi yake ilikwisha kitambo, imebaki kwa ajili ya picha. Zilikuwa picha zilizochorwa na Wafaransa. Mwalimu alinieleza akiwa na kijiko cha muthokoi mkononi, yale mahindi yaliyotolewa maganda na kupikwa na mbaazi, ambayo tulikula siku nyingi kuliko ninavyopenda kukumbuka. Alisema kulikuwa na wachoraji walioupenda mwanga, Waimpreshonisti, waliokaa nje wakifuata jua linavyometa juu ya kila kitu. Halafu wakaja wengine nyuma yao, wakasema sawa, mwanga tumeuona, lakini mlima una mifupa, mtu ana uzito, na rangi ina hasira yake na furaha yake. Hao waliokuja baadaye ndio aliowapenda yeye. Walipaka rangi nzito, mkwaruzo mmoja kando ya mwingine, kila mkwaruzo ukionekana, na wala hawakuogopa kupaka uso wa mtu kijani. "Sasa angalia huko nje," akaniambia, akaelekeza kijiko mlimani. Mlima mzima ulikuwa umekatwa matuta ya kuzuia udongo, mstari juu ya mstari, kila mstari ukipinda na mwinuko. "Hao Wafaransa walitafuta hiyo mistari kwa shida. Sisi wamama wametupigia bure."

Jambo la kwanza alilofanya lilikuwa kuninyang'anya kopo la rangi nyeusi. Akalifungia sandukuni. Rangi nyeusi, alisema, ni ya kuandika majina kwa misalaba. Kisha akaniketisha mlangoni saa sita mchana, akaniambia nitazame kivuli cha tangi la maji mpaka nimwambie kina rangi gani. Nikasema nyeusi. Akaenda kulala. Akaamka, akaniuliza tena, nikasema kahawia. Akaenda kulisha mbuzi. Jua lilipoanza kuegama nilimwambia, kwa sauti ya mtu anayeogopa kuchekwa, kwamba naona kama zambarau, na ukingoni kuna kitu cha rangi ya chungwa. Mzee yule alitabasamu mpaka nikaona pengo lake la jino. "Mama Mutua!" akaita. "Huyu mtoto ako na macho. Mchemshie yai." Nimepata sifa nyingine maishani, baadhi yake zimeandikwa magazetini, lakini hakuna hata moja iliyokuja na yai.

Nililichukulia neno hilo la macho kuwa la kawaida, mpaka siku Mwalimu aliponiambia habari ya macho yake mwenyewe. Tulikuwa tumekaa kwenye ngazi ya mlango, Mama Mutua akiwa kisimani. "Mumbua, nikuambie kitu na usimwambie mama," akasema. "Daktari wa macho pale Kitui anasema hii sukari yangu imeingia kwa macho. Mvua ya mwisho wa mwaka ikikuja, labda itanipata sioni. Mimi nimechora miaka mingi. Mlima napata. Mtu napata. Mtu akae ndani ya huo mlima kama wa hapo, hiyo imenishinda. Nataka nione hiyo moja kabla. Ikiwa yangu, ikiwa yako, sijali." Nikamwuliza kwa nini asimwambie mkewe. Akasema atamwambia siku ya kumwambia ikifika. Nilimwonea huruma hata nikashindwa kumaliza uji, na tangu siku hiyo sikuchora tena kwa kujifurahisha. Nilichora kwa haraka, na haraka ilifanya kila kitu kiharibike.

Mtu wa kuchorwa alikuwa mmoja tu, Mama Mutua. Nilipomwomba, aliuliza maswali machache, akakubali, akasema nimngoje Jumamosi. Sasa, msomaji wa kwetu ameshajua kilichofuata. Mtu wa Ukambani akiambiwa anapigwa picha, hata ikiwa picha yenyewe ni ya brashi, haji na nguo za shamba. Jumamosi hiyo nilikuwa nimesimamisha fremu yangu chini ya shamba, rangi tayari, nikamwona anateremka matuta akiwa amevaa sare ya akina mama wa kanisa, kitambaa cheupe kichwani, miguu inang'aa vaselini, viatu vya kufunika, na mkoba mweusi umening'inia mkononi. Ndani ya mkoba kulikuwa na Biblia, nilijua kwa jinsi ulivyovuta mkono. Akasimama katikati ya mbaazi, wima, mikono mbele, akakaza uso kama anayesubiri hukumu. "Chora," akasema bila kusogeza midomo. Nikachora. Ningefanya nini? Mama wa rika la mama yangu amejipamba kwa ajili yako, utamwambia arudi akavae matambara?

Mwalimu aliiangalia ile picha kwa muda mrefu, akiisogeza karibu na pua, akiigeuza. Mlima ulikuwa mzuri, hata mimi nilijua. Matuta yalipanda yakizunguka, mekundu na zambarau na manjano, na anga nililipiga kwa mikwaruzo ya kijani kama nilivyofundishwa. Katikati yake alisimama Mama Mutua. "Huyu," Mwalimu akasema mwishowe, "ameshushwa na gari sasa hivi. Anauliza njia ya kwenda Makindu." Nilicheka huku natoa machozi. Mama Mutua yeye aliipenda sana. Alisema mkoba umetoka vizuri.

Nikajaribu tena na tena. Nikamweka chini ya kivuli, nikamweka ameketi, nikamfanya mdogo, nikamfanya mkubwa, na kila mara alikuja na mkoba wake, na kila mara Mwalimu alisema gari limemshusha, ila sasa alisema polepole, na alichukua muda zaidi kumpata mtu yuko wapi kwenye picha. Mwezi wa sita nilimwona akipapasa meza akitafuta miwani iliyokuwa mbele yake. Hofu ikanipa ujasiri. Nikamfuata Mama Mutua jikoni, nikamwambia kwa heshima zote kwamba nataka kumchora akilima. Na nguo za kulimia. Ikiwezekana kutoka nyuma. Aliacha kupepeta mbaazi. "Nikiwa nimepinda?" Nikasema ndiyo, mama. "Sasa wewe mtoto wa watu," akasema, "mimi nasimama mbele ya wamama kila Jumapili. Unataka nikae kwa ukuta wa mtu nimepinda, nyuma ikiangalia juu? Hiyo picha ikionwa na mchungaji utamwambia ni mlima gani huo?" Nilitaka ardhi inimeze. Alinikatalia kabisa, na jioni hiyo alinipakulia chakula bila neno, ijapokuwa sahani ilijaa kama kawaida.

Asubuhi moja, siku chache baadaye, nilikuwa bado kitandani nikasikia vikombe upande wa pili wa ukuta wangu ule mfupi. Mwalimu alikuwa akinywa chai jikoni kabla ya kwenda kuwafungulia mbuzi. Nikasikia chai ikimwagika sakafuni. "Umemwaga tena," Mama Mutua akasema. Mwalimu akasema ni kikombe kina ufa. "Kikombe hakina ufa, Mwalimu. Nimekuwa nikikuwekea kikombe kinene tangu mwezi wa pili, ile yenye mdomo mpana. Nikakuwekea ile nyeupe ndio uone chai iko wapi. Ulifikiri nimependa tu kubadilisha vikombe?" Nikasikia kiti kikiburutwa, nadhani ni Mama Mutua aliyekaa karibu na mumewe. "Hata hii maneno ya picha unaniambia ni shule ya Mumbua," akaendelea, sauti imeshuka. "Ungeniambia tu." Mwalimu akasema, "Ningekuambia nini? Ati nataka kukuona?" Nilijifunika blanketi kichwani. Nilikuwa na miaka kumi na tisa na sikuwahi kusikia mtu mzima akimwambia mwenzake maneno kama hayo, na sikujua niyaweke wapi.

Mama Mutua alipoingia chumbani kwangu baadaye alikuwa ameshika jembe. Alisimama hapo akitazama ukuta, si mimi. "Huyu mzee," akasema, "amekuwa akikaa pale mlangoni na chai yake kila asubuhi tangu anioe, mimi nikiwa kule shambani. Hajui mkoba wangu. Mkoba anaona Jumapili, na Jumapili huwa anasinzia. Nichore vile ananijua." Kisha akaninyooshea jembe. Nikamwambia mimi nitakuwa nachora, sitalima. Akaniambia leo ni zamu ya shamba lake kwenye mwethya, kile kikundi cha kulimiana, wamama wote wanakuja kupiga matuta, na kwa mwethya hakuna mtu wa kusimama akiangalia wengine. Ukija, unalima. Hata mke wa chifu akija analima. Na asimame wapi huyo mtu, ashike brashi, huku wenzake wanatoka jasho?

Basi nililima. Asubuhi nzima, na siku zilizofuata kundi lilipohamia mashamba mengine, nililima. Wale wamama walinipa jina la Mchoraji siku ya kwanza, kwa sababu mistari yangu ilipinda. Udongo wa tuta hutolewa kwenye mtaro ukarushwa upande wa juu, na mimi niliurusha ukanirudia kichwani, na aliyekuwa jirani yangu akasema, "Mchoraji, rangi ni hiyo sasa, jipake." Walicheka, nikacheka, mikono ikatoka malengelenge. Mchana tulikaa kwenye mtaro tukala muthokoi baridi kutoka sufuria moja, wakazungumza habari za waume, wakwe na kwaya mpaka masikio yangu yakaiva. Hapo ndipo nilipoona nilichokuwa sijaona kwa miezi yote ya kusimama na fremu. Kufikia saa nne hakuna kitambaa cheupe tena katika mwethya. Vumbi jekundu hupanda kwenye sketi, likafika kiunoni, likaingia shingoni, na leso ya Mama Mutua, ambayo asubuhi ilikuwa ya buluu, ilikuwa imeanza kuwa mlima. Na mlima, pale alipokuwa ameukata, ulikuwa umepinda kama mgongo wake. Nilipoinua jembe nilisikia kiunoni mwangu kwamba ule mstari na ule mgongo ni kazi moja. Kwenye picha zote za awali nilikuwa nimempaka yeye kwa mkono mmoja na ardhi kwa mkono mwingine.

Alasiri nilirudi sebuleni nikachora kwa kukumbuka. Sikutumia brashi ndogo hata kidogo. Nilitumia kisu cha kupakia siagi, nikakokota rangi kama tulivyokokota udongo, toka chini kwenda juu. Nyekundu ya tuta niliipandisha moja kwa moja ikaingia kwenye sketi bila kuinua kisu, na buluu ya leso nikaidondosha mtaroni, kwenye kivuli. Uso sikuuchora, kwa kuwa kutoka mlangoni Mwalimu hakuwahi kuuona. Niliharibu vitambaa kadhaa vya marekani. Mama Mutua alikuwa akipita nyuma yangu na birika, anasimama, anatazama ule mgongo wake mkubwa, anasema, "Haya," na kuendelea. Bluu ilianguka kwenye kitambaa chake cha kiti wakati huo. Alikikunja akakiweka kando, wala hatukupelekwa kwa chifu.

Mawingu ya mwezi wa kumi yalikuwa yameanza kujipanga upande wa Makueni nilipomaliza. Kufikia wakati huo Mwalimu alikuwa anaona madoa tu, tena vizuri zaidi pembeni kuliko katikati, na mbuzi zake alizijua kwa kengele. Niliibeba picha nje nikaiegemeza kwenye tangi la maji, jua likiipiga, naye akaketi mlangoni pake. Aliniambia nisimwambie kitu. Nikasimama kando. Nilijua kwamba nikishindwa leo hakuna nyingine, na kwamba yeye hatasema nimeshindwa, atasifu tu, na mimi nitajua. Mama Mutua alikuwa amekataa kuja kuangalia, lakini alikuwa amesimama kwenye mlango wa jikoni, na ungo mtupu mkononi.

Mwalimu aligeuza kichwa upande, akatazama kwa kona ya jicho kama kuku anavyofanya. "Mlima nimepata," akasema. "Matuta ni hayo." Akaweka kiganja juu ya macho. Nikaona jicho lake linampita mkewe, linapanda na matuta mpaka juu ya picha, hajamwona. Kisha kichwa kikarudi chini polepole, kikasimama.

"Kalekye," akasema.

Niligeuka kutazama ni nani aliyeingia kwa lango. Hakukuwa na mtu. Nilikuwa nimeishi katika nyumba ile mwaka karibu mzima, nikisikia Mama Mutua asubuhi na Mama Mutua jioni, na sikuwahi kulisikia jina hilo wala kujiuliza kama mama huyo ana jina lake mwenyewe.

"Kalekye," akasema tena, akiongea na picha, sauti yake imekuwa ya kijana, "si utoke kwa hiyo jua."

"Nimebakisha kidogo," akajibu Mama Mutua kutoka mlango wa jikoni.

Niliokota kisu na makopo yangu nikaenda kuyaosha nyuma ya nyumba, na nikakaa huko, ili walie bila mgeni.